Nisipopimwa Sina: Kweli na Uongo Kuhusu Korona na Krismasi ya Rangwe

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, nauli ya basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Homa Bay hupanda, na viti hujaa vilevile. Watu wa Rangwe, katika kaunti ya Homa Bay, waliotawanyika Nairobi, Nakuru, Mombasa na Kisumu wanarudi Kagan, Kochia, Gem Mashariki na Gem Magharibi. Wanakuja kuwaona wazazi, kuezeka nyumba, kupeleka mahari, kuzika, na kula sikukuu. Kwa familia nyingi hizo ndizo siku pekee katika mwaka ambapo watoto wote wanalala kwenye boma moja.

Tangu 2020 wiki hiyo ina ushauri wake wa chinichini: kama una kikohozi, usiende kupimwa sasa, ngoja Januari. Hesabu iliyo nyuma ya ushauri huo kila mtu anaielewa. Muda wa kujitenga uliozoeleka ulikuwa siku 10. Anayepatikana na virusi tarehe 16 Desemba anamaliza tarehe 26, Krismasi imeshaliwa. Asiyepimwa hana siku za kuhesabu.

Leo serikali haimlazimishi mtu kujitenga, lakini kikohozi cha Desemba bado kinapanda basi. Ndiyo maana nimeyachukua maneno yanayosemwa sana kuhusu kupima na sikukuu, niyapime moja baada ya jingine. Baadhi ni uongo. Mengine yalikuwa kweli kabisa, na lazima tuseme hivyo waziwazi, kwa sababu mtu aliyeogopa jambo la kweli hatulii kwa kuambiwa kwamba hakukuwa na cha kuogopa.

"Nisipopimwa, sina."

Uongo. Kipimo hakileti virusi, na kukikwepa hakuviondoi.

Kenya ina ushahidi mzuri wa jambo hili. Kufikia mwisho wa Mei 2020, Wizara ya Afya ilikuwa imetangaza wagonjwa wapatao 2,000 nchi nzima. Katika majira hayohayo, watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust walioko Kilifi walikuwa wakichunguza damu ya watu waliojitolea kuchangia damu, wakitafuta kingamwili za korona, yaani alama ambazo mwili huacha baada ya kupambana na virusi. Walikuta kwamba takriban mtu mmoja kati ya 20 alikuwa ameshaambukizwa. Makadirio yao kwa taifa zima yalipita watu milioni moja. Walipochunguza damu iliyotolewa kati ya Januari na Machi 2021, karibu nusu ya wachangiaji walikuwa na kingamwili hizo.

Kwa kila jina lililoandikwa kwenye daftari la wizara, basi, kulikuwa na mamia yasiyoandikwa. Wengi wao hawakuugua sana, na hapo ndipo watu walipopata imani kwamba asiyepimwa ni mzima. Lakini virusi havikuishia kwa waliopona haraka. Vilitoka kwao vikaenda kwa jirani, kwa mwalimu, kwa kondakta, hadi vikamfikia mwenye kisukari au mzee wa miaka 75. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwa korona kilio mara nyingi kililia katika nyumba nyingine, si nyumba ya yule aliyeficha. Kenya iliandikisha vifo zaidi ya 5,600, na hiyo ni hesabu ya waliopimwa tu.

"Nikipatikana nayo watanifungia karantini na kunidai pesa."

Ilikuwa kweli, hadi katikati ya 2020.

Hapa simlaumu aliyeogopa. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kabla mwezi haujaisha, kila aliyeshuka kwenye ndege alipelekwa karantini kwa siku 14, hotelini au kwenye mabweni ya vyuo, kwa gharama yake mwenyewe. Waliokuwa wamekaribiana na mgonjwa nao walichukuliwa. Aprili, waliokamatwa wakivunja kafyu wakaanza kupelekwa hukohuko. Mwezi huohuo video ilisambaa ikionyesha watu wakiruka ukuta wa chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, jijini Nairobi kutoroka karantini. Mei, shirika la Human Rights Watch lilieleza kuhusu watu waliozuiliwa kupita siku 14 kwa sababu hawakuwa na pesa za kulipia siku walizokwisha kukaa.

Sasa mfikirie mama anayeuza omena sokoni, akiyaona hayo yote kwenye simu ya mwanawe. Alichokiona ni kwamba mgonjwa na mvunja sheria wanalazwa mahali pamoja, na wote wanalipishwa. Mtu wa aina hiyo akikataa kupimwa, amepiga hesabu yake sawasawa. Siku 14 bila biashara, juu yake deni, na watoto wameachiwa jirani.

Na watu walikataa kweli. Mjini Mombasa, katika Mji wa Kale, wizara ililalamika kwamba wakazi hawajitokezi kupimwa ingawa wagonjwa walikuwa wakiongezeka. Tarehe 6 Mei 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba Mji wa Kale na mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi zinafungwa kwa siku 15, asiingie mtu wala asitoke. Mwezi huohuo serikali ikakubali kubeba gharama za waliowekwa karantini katika vituo vyake. Ilikuwa imeelewa, ingawa kwa kuchelewa, kwamba bei ya karantini ndiyo iliyokuwa ikiwafukuza watu kwenye vipimo. Juni ikaja miongozo ya kuwatunza wagonjwa nyumbani. Tangu hapo, mtu asiyeumwa sana na aliye na chumba chake alibaki kwake, akifuatiliwa na wahudumu wa afya wa jamii.

Kwa hiyo aliyeogopa kufungiwa Desemba 2020, au Desemba 2021, aliogopa utaratibu uliokuwa umeshaondolewa. Lakini angejuaje? Amri ya kufungia watu ilifika vijijini kwa magari ya polisi na kwa sauti ya chifu. Habari ya kulegeza ilisomwa kwenye mkutano wa wanahabari Nairobi. Naamini hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika suala la kupima. Hofu ilipewa gari, nafuu ikaachwa itembee kwa miguu.

"Nikifa nayo nitazikwa usiku bila jeneza."

Ilitokea. Haikuwa lazima itokee.

Aprili 2020, huko Ukwala, kaunti ya Siaya, mfanyakazi wa bandari aliyekuwa ametoka Mombasa alizikwa usiku wa manane na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, bila jeneza, familia ikitazama kwa mbali. Picha zilifika kila boma la Nyanza. Kwa Wajaluo, ambao mazishi kwao ni siku za kukaa pamoja na maiti, kulia, kuhutubu, kulisha wageni na kumpa marehemu nafasi yake katika ardhi ya baba yake, jambo lile lilitisha kuliko ugonjwa wenyewe. Mzee anaweza kuvumilia kuambiwa atakufa. Kuambiwa atafukiwa usiku ni jambo jingine. Wako wazee waliowakataza watoto wao kuwapeleka hospitali kwa sababu hiyo, na mimi nawaelewa.

Ukweli wa kitabibu ulikuwapo tangu mwanzo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2020 ulisema maiti ya aliyekufa kwa korona haihitaji kuzikwa harakaharaka, na kwamba heshima ya marehemu na mila za familia zilindwe. Hatari kubwa kwenye mazishi ni walio hai, wanaokaa wamebanana chini ya turubai wakiimba kwa siku nne. Ndiyo sababu katika wimbi la 2021 serikali iliagiza maziko yafanyike ndani ya saa 72 na waombolezaji wasizidi 50. Agizo hilo lilikuwa gumu kwa Nyanza, lakini halikumnyima mtu jeneza wala jua la mchana.

"Wa Nairobi ndio wanaoileta. Sisi wa kijijini tuko salama."

Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ina kisa ambacho Homa Bay haitakisahau.

Nairobi ilifungwa tarehe 6 Aprili 2020. Siku chache baadaye kundi la watu lilipita vizuizi vya polisi njia nzima, kama kilomita 370, hadi Homa Bay, kwa kusema linasafirisha maiti kwenda kuzikwa. Jeneza lilikuwa tupu. Walipokamatwa na kupimwa, dereva alikutwa na virusi. Vyombo vya habari hata nje ya Afrika viliitangaza habari hiyo kama kioja. Mimi naiona tofauti. Ilikuwa wiki ya Pasaka, na watu wale walikuwa tayari kulaza jeneza tupu ndani ya gari ili wafike nyumbani. Hiyo ndiyo nguvu ya kwenda nyumbani. Mpango wowote wa afya usioitambua nguvu hiyo utashindwa.

Nusu ya uongo ni ile ya kijiji kuwa salama. Mei 2021 kirusi cha aina ya Delta kiligunduliwa Kisumu, si Nairobi. Tarehe 1 Juni sherehe za Madaraka zikafanyika Kisumu. Tarehe 17 Juni serikali ikaziwekea masharti makali kaunti 13 za magharibi na za ukanda wa ziwa, zikiwemo Homa Bay na Migori: kafyu kuanzia saa moja jioni, mikutano marufuku. Wakati huo kiwango cha waliokutwa na virusi kati ya waliopimwa katika kaunti hizo kilikuwa kimepita mara mbili ya kiwango cha taifa. Safari hii Nairobi ndiyo iliyokuwa ikiogopa watu wa ziwa.

"Ni malaria tu."

Labda. Lakini kipimo cha malaria hakiwezi kukuambia kwamba huna korona.

Rangwe iko katika ukanda wa malaria nyingi kuliko wote nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa 2020 ulikuta watoto 19 kati ya 100 wa ukanda wa ziwa wana vimelea, wakati wastani wa taifa ulikuwa 6. Ni haki basi mtu wa huku akihisi joto na maumivu ya viungo afikirie malaria kwanza. Tatizo linakuja kwenye hatua ya pili. Mtu mzima aliyekulia hapa anaweza kuwa na vimelea vichache katika damu bila kuumwa navyo. Akipimwa malaria, anakutwa nayo, anapewa dawa, na kikohozi kilichomleta kinasahauliwa. Magonjwa mawili yanaweza kukaa katika mwili mmoja. Malaria kwa kawaida haileti kikohozi kikavu kinachozidi, na haimzuii mtu kusikia harufu ya samaki anayekaangwa. Ukiona hayo, uliza kipimo cha pili.

"Sina dalili. Tena nimechanjwa."

Yote mawili yanaweza kuwa kweli na bado ukamwambukiza mama yako. Mtu huanza kutoa virusi siku moja au mbili kabla ya kuhisi chochote, na wako wasiohisi chochote hadi mwisho. Chanjo, iliyoanza kutolewa Kenya Machi 2021, ilipunguza sana vifo na kulazwa. Kuzuia maambukizi ilizuia kwa kiasi, na kwa muda. Nasema hivi nikijua kwamba Homa Bay haina ugeni na chanjo: chanjo ya malaria ilizinduliwa Kenya katika kaunti hiihii, huko Ndhiwa, Septemba 2019. Mtu anaweza kuishukuru chanjo na kuijua mipaka yake.

"Kile kijiti kinafika kwenye ubongo."

Hapana. Kinafika nyuma ya pua, mahali panapokutana na koo. Kinawasha, machozi yanatoka, na baada ya nusu dakika kimekwisha. Vipimo vingi vya haraka vilivyokuja baadaye havihitaji hata kuingia ndani kiasi hicho.

"Nimepima, sina. Likizo yote niko huru."

Uongo, na huu unawanasa watu waangalifu.

Kuna vipimo vya aina mbili. Kile cha maabara, ambacho sampuli zake kutoka Homa Bay mwanzoni zilipelekwa KEMRI Kisumu, hugundua hata virusi vichache, lakini majibu yaliweza kuchukua siku kadhaa. Kile cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 30. Hiki cha pili hukamata vizuri zaidi siku ambazo virusi ni vingi, yaani siku ambazo mtu anaambukiza zaidi. Mwanzoni kabisa wa maradhi kinaweza kukosa. Ndiyo maana mwenye kikohozi aliyepata jibu la kutokuwa na virusi anashauriwa kurudia baada ya saa 48.

Zaidi ya hayo, kipimo kinasema habari za saa uliyopimwa. Kirusi cha Omicron kilichukua takriban siku tatu tu kutoka kumwingia mtu hadi kumletea dalili. Pima Jumatatu Nairobi, panda basi Jumanne usiku, kaa saa nane na abiria wengine madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi ya Naivasha, kisha hesabu siku tatu. Utaanza kukohoa ukiwa umeshamkumbatia kila mtu bomani.

Desemba 2021 ndivyo ilivyokuwa. Kafyu ilikuwa imeondolewa tarehe 20 Oktoba na barabara zilikuwa wazi. Mwanzoni mwa Desemba, kati ya watu 100 waliopimwa, waliokutwa na virusi walikuwa mmoja au wawili. Wiki ya Krismasi walipita robo ya waliopimwa. Na hao ndio waliokubali kupimwa wiki ile.

"Wazungu hupima na kutii. Sisi ndio wakwepaji."

Uongo ambao ningependa ufe kabisa, kwa sababu unatufanya tujidharau na kuacha kutafuta sababu.

Nchini Uingereza, uchunguzi uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2021 uliwauliza maelfu ya watu walifanya nini walipopata dalili za korona. Chini ya mmoja kati ya watano alisema aliomba kipimo. Waliokaa ndani siku zote walizotakiwa hawakufika nusu. Huko kipimo kilikuwa bure na kililetwa hadi mlangoni kwa posta. Walioshindwa kukaa ndani walikuwa zaidi wenye watoto wadogo, wenye shida ya pesa na wenye kazi za huduma muhimu, ingawa tangu Septemba 2020 mwenye kipato cha chini aliyeamriwa kujitenga aliweza kuomba pauni 500. Mama wa Rangwe angezielewa sababu hizo bila kueleweshwa.

Na Krismasi iliwashinda wao pia. Tarehe 22 Desemba 2021 Uingereza ilipunguza siku za kujitenga kutoka 10 hadi saba, kwa sharti la vipimo viwili vya mwisho kuonyesha mtu hana virusi. Tarehe 27 Marekani ikapunguza kutoka 10 hadi tano kwa wasio na dalili au wanaopata nafuu. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba hospitali na mashirika ya ndege yalikuwa yanabaki bila wafanyakazi. Lakini jambo moja lilidhihirika: adhabu ya kupima ikiwa ndefu mno, watu wataacha kupima, popote walipo.

"Watu wa Homa Bay wanaogopa vipimo, ndivyo walivyo."

Hili linaniumiza kuliko mengine yote. Ni uongo, na historia ya kaunti hii inalikanusha.

Uchunguzi wa taifa wa 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano Homa Bay anaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote. Waliokuwa watu wazima miaka ya tisini wanakumbuka hali ilivyokuwa. Kupimwa kulimaanisha kupewa habari ya kifo, na baada ya habari hiyo hakukuwa na kitu kingine ila kutengwa. Watu walikwepa. Waliita chira, yaani adhabu ya kuvunja miiko, waliita kurogwa, waliita kifua kikuu, chochote kisichohitaji kipimo. Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali katika hospitali ya Homa Bay, miongoni mwa sehemu za kwanza kabisa za umma nchini. Kuanzia hapo kipimo kikawa na kitu cha kumpa mtu. Washauri wakaenda nyumba kwa nyumba, wakawafuata wavuvi ufukweni, wakatunza siri. Kutoka 2017 mtu akaweza kununua kipimo chake akajipima chumbani.

Leo katika kaunti hii utawakuta watu wanaozungumza kuhusu kipimo chao na dawa zao bila kushusha sauti. Hawa ndio watu tunaoambiwa ni waoga? Walijifunza kupima mara tu kupima kulipowafaa.

Korona ilifanya kinyume. Kipimo kilikuja na siku za kufungiwa, na dawa ya kumpa mgonjwa wa kawaida haikuwapo. Faida yake ilikuwapo lakini haikusemwa vya kutosha. Mzee anayejulikana kuwa ana korona anaangaliwa pumzi, anapelekwa mapema kwenye oksijeni. Tangu Juni 2020 ilijulikana pia kwamba dexamethasone, dawa ya bei ndogo iliyoko katika hospitali zetu, huokoa sehemu ya waliozidiwa hadi kuhitaji oksijeni. Mzee ambaye maradhi yake hayana jina analetwa Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Rangwe au Asumbi wakati midomo imeshabadilika rangi. Hii ndiyo sababu ya kupima ambayo mjukuu angeielewa. Badala yake aliambiwa kuhusu takwimu.

"Kama sipimi, hakuna la kufanya."

Uongo wa mwisho, nao ndio wenye madhara zaidi, maana unamfanya mtu aone kwamba njia ni mbili tu: kupima na kukosa Krismasi, au kunyamaza na kuila.

Boma la Mjaluo limeshatengeneza njia ya tatu. Mtoto wa kiume aliyekua ana simba yake karibu na lango, nyumba ndogo yenye mlango wake, mbali na nyumba ya mama. Ni vyumba ambavyo Nairobi hatungevipata kwa kodi yoyote tunayoweza kulipa. Mwenye kikohozi alale humo peke yake, watoto walale kwa mama yao mdogo. Chakula aletewe au akilie nje. Asiingie katika nyumba ya nyanya, nyumba yenye dirisha moja linalofungwa saa kumi na mbili kwa sababu ya mbu, kwa siku tano za kwanza angalau. Salamu zitolewe chini ya mwembe, kwa nafasi, nyanya akiwa upande unakotokea upepo. Virusi hivi huelea katika hewa ya ndani, na hewa ya wazi huvitawanya. Hilo halihitaji maabara, halihitaji chifu, na halihesabiwi kwenye daftari la mtu.

Akiwa na dalili na hana kipimo, ajichukulie kuwa anayo. Barakoa kwenye basi, dirisha lifunguliwe hata kidogo. Mwenye pumzi fupi au kifua kinachobana asingoje sikukuu ipite, aende hospitali siku hiyohiyo.

Kinachonikera katika ushauri wa "pima Januari" ni kwamba unamwondoa nyanya katika uamuzi. Kijana amejua ana kikohozi. Dereva hajui, abiria hawajui, na yule ambaye mwili wake ndio utakaolipa hajui. Yeye angeweza kusema, njoo mwanangu, tutakaa nje. Angeweza kusema, subiri wiki moja, kuku hataenda popote. Wazee wetu wamezika, wameishi na njaa na magonjwa makubwa kuliko haya, na wanajua kuamua. Anayenyamaza amewaamulia.

Serikali ya kaunti nayo ina deni. Itangaze mwanzoni mwa Desemba, kwa Kijaluo, redioni, makanisani na sokoni, ni zahanati zipi zina kipimo cha haraka na kwa bei gani, na iseme kwa sauti ileile iliyotumika 2020 kwamba hakuna atakayechukuliwa na hakuna atakayedaiwa.

Nawe unayesafiri, ukiamka na kikohozi tarehe 20, piga simu nyumbani kabla ya kukata tiketi. Mwambie mama, au nyanya, kwamba unakohoa, na muulize anataka ufanye nini.